Mnanaa wa kwenye beseni, kwa anayeanza kupanda Pwani

Usihangaike na mbegu. Huota kwa kusuasua, na miche yake mara nyingi haina harufu uliyoitarajia. Fungu la sokoni la kutia kwenye chai linakutosha. Chagua vikonyo vilivyokomaa kidogo lakini havijawa vigumu kama mti, ukate urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye kikonyo, maana ndipo mizizi inapochipukia. Pukutisha majani ya chini, usimamishe kwenye glasi ya maji kivulini, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Wiki moja au mbili zinatosha. Mizizi ikifika sentimita 3, hamishia udongoni. Ikirefuka sana majini, hupata tabu kuzoea udongo.

Mnanaa hutambaa, kwa hiyo unataka upana kuliko kina. Beseni lililopasuka, upana sentimita 30 na kina 20, linafaa kabisa, ila litoboe chini. Changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja na mchanga wa mtoni sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Wala usipande mmea mwingine humo, utamezwa.

Kinachoua mnanaa wa wengi huku kwetu ni joto la mizizi. Saa nane mchana majani yamelegea, mwenyewe anamwaga maji, kesho yake tena, mwisho mizizi inaoza. Chomeka kidole kwanza: kama sentimita 2 chini bado kuna unyevu, usimwagilie, sogeza beseni kivulini. Jua la asubuhi, mpaka saa nne hivi, linatosha. Chombo cheusi juu ya sakafu ya saruji ni adhabu. Kiinue juu ya matofali.

Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia, shuku maji ya kisima yenye chumvi, utumie ya mvua. Vidoa vya rangi ya chungwa chini ya majani ni kutu, ugonjwa wa ukungu: kata vikonyo hivyo, tupa mbali, na umwagilie udongoni tu, si majanini. Utando mwembamba wakati wa kiangazi ni wa utitiri, vidudu vidogo sana. Upige kwa maji ya nguvu upande wa chini wa jani.

Kuvuna usidonoe jani mojamoja. Kata kikonyo juu ya kifundo, kitoe matawi mawili. Baada ya mwaka hivi beseni hujaa mizizi na majani hudumaa: ng'oa, gawa, panda upya vipande vya pembeni. Cha katikati kimeshachoka.