Nilifika Uhuru: je, siku kumi zinatosha kuzunguka Manaslu?

Swali: Shikamoo daktari. Mwezi Februari nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku sita, nikafika Uhuru. Pale kambi ya Barafu kichwa kiliniuma sana na nilitapika, lakini asubuhi nilikuwa kileleni. Sasa mimi na rafiki yangu tunataka kwenda Nepal mwezi Oktoba kuzunguka mlima Manaslu. Likizo yetu ni siku 14 pamoja na safari ya ndege. Kampuni moja ya Kathmandu imetupangia siku kumi: gari hadi Machha Khola, kisha kulala Jagat, Deng, Namrung, Samagaun, Samdo na Dharamsala, kuvuka pito la Larkya La (mita 5,106) hadi Bimthang, kushuka Dharapani na kurudi kwa gari. Larkya La ni chini ya Uhuru kwa karibu mita 800. Ratiba hii inatufaa? Na Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, tuitumieje? — Msomaji, Arusha

Jibu: Marahaba. Ratiba hiyo msiikubali. Hata mngekuwa na mapafu ya mbio za marathoni ningewaambia hivyo hivyo.

Mara nyingi kinachomwangusha mpanda mlima si kimo alichogusa mchana, ni kimo alicholala usiku. Njia ya Machame ya siku sita inakulaza juu ya mita 3,500 kwa usiku tatu tu: Shira, Barranco na Barafu, na huo wa Barafu wenyewe ni nusu usiku, maana saa sita mnaamshwa. Mnakaa Uhuru dakika chache, na jioni hiyo hiyo mko Mweka, karibu mita 3,100, ambako hewa inawarudisha katika hali yenu. Watu wengi hufika Uhuru wakiwa tayari wanaumwa na huponywa na ule mteremko kabla ugonjwa haujakomaa. Wewe, kwa maelezo yako, ulikuwa mmoja wao. Maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika ni ugonjwa wa mwinuko, na kufika kileleni hakufuti hilo. Kumbuka pia kwamba mazoea ya mwili kwa hewa nyepesi hupotea ndani ya wiki chache. Hadi Oktoba, ya Februari hayatakuwepo. Kitakachobaki ni taarifa kwamba ukipandishwa kwa kasi ile, mwili wako unalalamika.

Sasa tazama namba za kampuni yenu. Namrung iko takriban mita 2,630, Samagaun 3,530, Samdo 3,875, Dharamsala 4,460. Kwa usiku tatu mfululizo mnapandishwa zaidi ya mita 1,800, na mruko wa kwanza peke yake ni mita 900. Kanuni tunayoifuata madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Pale ardhi isipokuruhusu kubaki ndani ya hizo 500, fidia kwa usiku wa ziada kabla au baada.

Ningepanga hivi. Hadi Namrung fuateni ratiba yao, ni nzuri. Kutoka hapo laleni Lho, kama mita 3,180, ndipo muende Samagaun na mlale huko usiku mbili. Siku ya katikati si ya kulala kitandani: tembeeni hadi ziwa la Birendra, au mkijisikia vizuri pandeni kuelekea kambi ya chini ya Manaslu, kisha mrudi kulala Samagaun. Kupanda mchana na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili. Samdo nako usiku mbili, kwa sababu mruko wa kwenda Dharamsala ni mita 585 na hakuna kijiji katikati cha kuugawa. Zimeongezeka siku tatu, jumla 13.

Ongezeni mbili za akiba, na hizi msizione kama anasa. Oktoba ndio mwezi mzuri kuliko yote huko, masika ya Asia yameshaondoka na anga ni safi, lakini tarehe 14 Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yalimwaga theluji nyingi kwenye pito la Thorong La, katika njia jirani ya Annapurna, na zaidi ya watu 40 walikufa katika eneo lile. Mwenye siku za akiba anaweza kukaa Samdo akangoja. Mwenye ndege kesho kutwa anajishawishi kwamba mawingu yatafunguka.

Siku ya kuvuka yenyewe mtaondoka Dharamsala saa tisa au kumi usiku, na mtatembea kwa muda wa saa nane hadi kumi. Kupanda ni kama mita 650, ila kushuka Bimthang ni karibu mita 1,400, sehemu ya juu ikiwa na barafu na mawe yanayoteleza. Chukueni vyuma vya kufunga chini ya viatu na fimbo mbili kila mmoja. Wengi hujiandaa kwa mpando, halafu magoti yanawaishia kwenye mteremko.

Jambo linalonisumbua zaidi ya yote ni njia ya kutokea. Kilimanjaro, mgonjwa wa Barafu anaweza kushushwa usiku uleule. Ukizidiwa Dharamsala, njia ya haraka ni kurudi Samdo, ambako bado uko juu ya mita 3,800. Helikopta huruka mchana na anga ikiwa wazi. Kwa hiyo uamuzi lazima ufanywe mapema, mkiwa bado mna miguu. Kila jioni, kuanzia Lho, ulizaneni wenyewe kwa wenyewe: kichwa kinauma? Umekula? Ulilalaje? Kisha kila mmoja atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mikono ikiwa pembeni. Mwenye afya anapita bila shida hata akiwa amechoka. Anayeyumba, au anayeanza kuongea mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Anayehema akiwa amekaa kimya, au anakohoa povu, maji yameingia kwenye mapafu. Hao wawili hawangoji asubuhi. Wanashuka saa hiyo, na hawashuki peke yao. Kwa kichwa kinachouma tu, laleni palepale, na kisipopoa baada ya siku moja, shukeni.

Kuhusu Diamox, yaani asetazolamaidi: kwa historia yako ningekupa. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuvuka mita 3,000, kwenu ni Namrung, hadi mtakapoanza kushuka upande wa pili. Utakojoa zaidi, vidole vitakuwa na ganzi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Hayo ni ya kawaida. Dawa hii haifichi ugonjwa kama watu wanavyosema, inaharakisha mwili kuzoea. Lakini haigeuzi ratiba mbaya kuwa nzuri. Mwenye mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo asiiguse bila kuonana na daktari, na wote wawili ijaribuni nyumbani kwa siku mbili kabla ya safari. Pombe na dawa za usingizi ziacheni hadi mrudi chini.

Fedha zisiwe kisingizio cha kampuni. Manaslu ni eneo lenye vizuizi, huingii bila kibali na mwongozaji aliyesajiliwa. Kibali cha Septemba hadi Novemba kimekuwa dola 100 kwa siku saba za kwanza na dola 15 kwa kila siku inayozidi, kwa hiyo siku tatu zaidi ni gharama ndogo. Bima yenu itaje kwa maandishi kutembea hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta. Muulize pia wapagazi wenu wamekatiwa bima na wana nguo za theluji. Wewe wa Arusha unajua mizigo ya watu inabebwa na nani.

Hesabu ya mwisho ni ya likizo. Siku 13 za njia, mbili za akiba, moja au mbili za vibali Kathmandu, na safari ya ndege kwenda na kurudi, jumla inakaribia wiki tatu. Kama mwajiri hawezi kuongeza, acheni Manaslu kwa mwaka huu na muende bonde la Langtang, kaskazini mwa Kathmandu. Kijiji cha juu kabisa, Kyanjin Gompa, kiko kama mita 3,870. Siku 14 zinakitosha kwa mwendo wa taratibu, na ukizidiwa, njia ya kushukia ni ileile uliyopandia.