Usianze na shimo, anza na maji

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye matengenezo ya barabara, hasa nyie mliopangiwa Mwanza na mikoa ya jirani, haya nayaandika kwa sababu mimi nilipoanza hakuna aliyeniambia. Chuo kilinifundisha kujenga. Kutunza kilichokwisha kujengwa nimefundishwa na mvua, pamoja na mzee mmoja mwenye majaruba ya mpunga upande wa Magu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa kipande cha lami chenye mashimo kibao na fungu dogo la pesa. Nikapima mashimo, nikakadiria viraka, mkandarasi akaziba, tukapiga picha za kabla na baada, ripoti ikaenda. Septemba barabara ilikuwa safi, madereva wa daladala wakawa wananipungia mkono. Oktoba vuli ikaanza. Kabla ya Krismasi mashimo yalikuwa yamerudi palepale, mengine yamezaa. Mkuu wangu hakufoka. Aliniuliza tu, "Ulishuka kwenye gari?" Nikajibu nilishuka. "Ukashuka mpaka mtaroni?" Hapo nikanyamaza.

Nikarudi siku mvua inanyesha, nimevaa gambuti za kuazima. Pale palipokuwa na mashimo mengi kuliko kote palikuwa na kalavati la bomba la sentimita 90. Upande wa juu maji yamesimama kama lambo, yamepanda mpaka usawa wa tabaka la msingi wa barabara. Upande wa chini karibu pakavu. Nikachuchumaa pembeni ya lami nikayatazama malori: kila tairi likikanyaga, ufa unatema maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni tabaka la msingi lenyewe, chembe zake laini zinasukumwa nje kidogo kidogo, na lami inabaki imekalia uwazi. Viraka vyangu vilikuwa vimewekwa juu ya sifongo.

Mdomo wa chini ulikuwa umezibwa na tuta la jaruba. Nikamfuata mwenye shamba nikiwa na sheria kichwani: hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, Sheria ya Barabara ya 2007. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "bomba lenu linamwaga maji ya mlima mzima katikati ya mpunga wangu. Nimekuja ofisini kwenu mara mbili. Mlitaka nifanyeje?" Alikuwa na haki. Aliyejenga lile kalavati aliishia kwenye ukuta wake wa mwisho, hakuchimba njia ya kuyafikisha maji kijitoni. Tukauchimba huo mtaro kwa majembe na vijana wa kijijini, siku nne, tukapanga mawe pale maji yanapoangukia ili yasile udongo. Kazi yote ilikula pesa kidogo kuliko lami niliyokwisha kuipoteza, na msimu uliofuata mashimo ya pale hayakurudi.

Kwa hiyo ukikabidhiwa kipande kipya, kitembee kwa miguu mvua ikinyesha. Kiangazi kila kalavati linaonekana zima. Ukikitembelea kwa gari na vioo umefunga, utarudi na ripoti ileile ya aliyekutangulia, pengine na makosa yake ya hesabu.

Huku kwetu kuna maji ya aina mbili. Mjini, nyumba zimepanda vilima vya mawe mpaka juu, na mvua ikipiga, mchanga na chupa za plastiki hushuka mitaroni, kisha Mto Mirongo, kisha ziwani. Kalavati la mjini usilisafishe mara moja kwa mwaka eti kwa kuwa bajeti ni ya mwaka. Lisafishe kabla ya vuli, na tena kabla ya masika ya Machi. Ukitoka kuelekea Magu, Misungwi au Kwimba unakutana na mbuga, ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko utaona nyufa ndefu zinazofuata ukingo wa lami, na watu watakuambia ni malori. Mara nyingi ni udongo wa pembeni umekauka na kusinyaa, huku ule wa katikati, chini ya lami, bado una unyevu wake. Na kuna kosa ambalo nimeona likifanywa kwa nia njema kabisa: mtaro mzuri, wa kina, umechimbwa mguuni mwa tuta la barabara. Maji yakituama humo, mbuga inakunywa na tuta linavimba upande mmoja. Kwenye mbuga mtaro upelekwe mbali na tuta, na uwe na mteremko unaoweza kuuona kwa pimamaji.

Halafu kuna kokoto. Graniti yetu ni ngumu, inavutia, watalii wanaipiga picha pale Bismarck Rock. Lakini ni jiwe lenye silika nyingi, na jiwe la namna hiyo hupenda maji kuliko linavyopenda lami. Maji yakipenya, lami inajivua kwenye kokoto kama ganda la muwa. Mkandarasi akileta kokoto zenye vumbi, zikataliwe au zioshwe. Kwenye mchanganyiko ulizia chokaa au dawa ya kushikisha. Atakuambia ni gharama za ziada. Mwambie gharama za ziada unazijua, ulishazilipa.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo wengi mtakapokwama. Haitatosha. Na mtasukumwa muanze na barabara mbovu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa redioni na ndiyo anayopita mheshimiwa. Mimi msimamo wangu ni mwingine na umenigombanisha na watu. Barabara iliyokwisha kufa, mwakani itataka ujenzi uleule inaoutaka leo, tofauti ya gharama si kubwa. Iliyo nzima yenye nyufa kama uzi, leo inataka lami ya maji, ile iliyochanganywa na maji ili imiminike, na kokoto ndogo; ukiiacha mvua mbili tatu, nayo inahamia kwenye foleni ya ujenzi. Iliyokufa ipitishike tu, ziba pale gari linapokwama, weka kifusi, weka alama. Fungu lililobaki lipeleke kwenye ile ambayo bado inaokoka. Benki ya Dunia ilipiga hesabu hii mwaka 1988 kwa nchi 85 zinazoendelea: barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea, wakati matengenezo ya mapema ya dola zisizofika bilioni 12 yangezuia hasara hiyo.

Utajuaje ipi inaokoka? Inama. Lami imepauka, kokoto za juu zinaanza kung'oka, nyufa zipo lakini hapajabonyea: hiyo zibe nyufa, pigia tabaka jembamba, utapata miaka. Ukiona nyufa zilizokatana kama mgongo wa mamba, tena kwenye njia ya tairi, tena pamebonyea, msingi umekwenda. Kupiga lami mpya juu yake ni kupaka poda kwenye jipu. Hapo chimba, toa uchafu mpaka ufike pagumu, jenga upya kipande hicho tu, halafu ndipo ufikirie kufunika kote. Nimeona kilomita nzima ikifunikwa juu ya mgongo wa mamba ili picha ya makabidhiano ipendeze. Mamba alitokea tena kabla muda wa uangalizi, ule ambao mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake, haujaisha.

Na kiraka chenyewe kina adabu yake. Shimo lina umbo la yai. Wewe likate liwe pembe nne, kuta zisimame wima, mpaka uingie kwenye lami nzima. Fagia. Kama kuna maji, yatoe na usubiri pakauke, usimwage mchanganyiko juu ya tope eti mvua inakuja. Paka lami ya maji chini na kwenye kuta, maana kutani ndipo maji yanapojipenyeza. Jaza kwa matabaka, kila tabaka ulishindilie peke yake. Yupo fundi mmoja niliyefanya naye kazi ambaye akimaliza kiraka hugonga juu yake kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Kikilia bum, anaamuru kifukuliwe. Vibarua walimchukia. Viraka vyake bado vipo.

Kwenye madaraja sina mengi, ila yale machache yashike. Kila mtu anapiga picha Daraja la John Pombe Magufuli, lile la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Ni halali yao. Ila daraja litakalokuumiza kichwa ni lile dogo la mita kumi kijijini ambalo hata jina halina. Angalia matundu ya kutolea maji kwenye sakafu: yakiziba, maji yanatafuta njia kwenye maungio, yanashuka kwenye beringi, vile vikalio vya daraja, na vichwa vya nguzo, nondo zinaanza kutu, zege linabanduka. Dawa ni fimbo ya chuma na ufagio. Mche wa mtini ukiota kwenye ukuta, ung'oe ungali wa kidole. Kisha shuka mtoni utazame misingi. Wachimba mchanga wakifukua kitanda cha mto chini ya daraja, maji yanaongeza kasi na kuufuata msingi, na siku ya mafuriko hutakuwa na muda wa kuandika barua. Zungumza na serikali ya kijiji mapema, huku mchanga bado uko mahali pake.

Uzito nao. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu gari zima lisizidi tani 56, na ekseli moja yenye tairi nne tani 10. Tangu majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, tunajua uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito. Maana yake ekseli ya tani 12 inaharibu karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Ongezeko la tani mbili dereva analiona dogo, lami hailioni hivyo. Kinachonikera zaidi ni tipa za mchanga na mawe zinazozunguka humuhumu bila kukutana na mzani hata mmoja. Kama kwenye kipande chako kuna machimbo, ujue upande wa magari yaliyopakia utakufa kwanza, na ukague huo kabla ya ule mwingine.

Mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kiangazi chetu cha kufanyia lami kinaisha Septemba. Ukianza kuandaa zabuni Julai, mkataba utasainiwa Oktoba, na mkandarasi atapiga lami huku akitazama mawingu ya ziwani. Andaa makadirio na nyaraka zote Aprili, masika ikiwa bado inakuonyesha penye tatizo, ili Julai ibaki kazi ya kusaini. Na kila kalavati lipe namba, iandike kwa rangi kwenye ukuta wake, halafu uwe na daftari lenye ukurasa wa kila namba: lini limesafishwa, maji yalifika wapi, nani analima upande wa chini na namba yake ya simu. Andika kwa penseli. Daftari langu la kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, na mvua ya Nyanguge ikalifuta lote kwa mchana mmoja.