Refa, linda masikio yako na filimbi yako mwenyewe

Mashabiki wetu wa Unguja na Pemba wamezoea kumwita refa kipofu. Kiziwi sijawahi kumsikia mtu akiitwa jukwaani, na hilo ndilo tusi ambalo kwa wengi wetu lingekaribia ukweli. Keti na marefa wakongwe barazani baada ya alasiri uone wanavyogeuza shingo ili wakutegee sikio moja, na jinsi neno dogo tu linavyorudiwa mara mbili mpaka mtu apige kelele.

Mimi nachezesha mpira wa miguu, na msimu wa mashindano ya skuli huitwa pia kwenye mpira wa pete na wa mikono. Nimesimama uwanja wa Mao kule Unguja, nimesimama Gombani kule Chake, na viwanja vya mchanga vya vijijini ambavyo mstari wake ni wa majivu. Kote huko, mtu akizungumzia kelele hutaja ngoma za mashabiki, vuvuzela na spika ya mtangazaji. Hizo zipo mbali na wewe. Filimbi ipo mdomoni mwako, shibiri moja kutoka sikioni, na masikio yako mawili ndiyo yaliyo karibu nayo kuliko ya mtu yeyote uwanjani.

Ukali wake si wa bahati mbaya. Filimbi za zamani zilikuwa na kigololi ndani, na kigololi hicho kiliweza kukwama kwa mate au vumbi ukabaki unapuliza hewa tu. Refa mmoja wa mpira wa kikapu kutoka Canada, Ron Foxcroft, alikerwa na jambo hilo hadi akatengeneza filimbi isiyo na kigololi, Fox 40, iliyoingia sokoni mwaka 1987. Ndiyo hiyo, au nakala zake, wengi wetu tunayoning'iniza shingoni. Mtengenezaji anaisifia kwa kufika desibeli 115 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kwetu sisi sifa hiyo ni onyo.

Mwaka 2013 watafiti wa Western Michigan University, Marekani, walichapisha vipimo vya filimbi zinazouzwa madukani: kati ya desibeli 104 na 116. Kwa ukali huo, walikadiria, muda wa kupuliza ambao sikio lisilo na kinga linaweza kuvumilia kwa siku ni sekunde 90 kwa filimbi ya chini kabisa, na sekunde 5 kwa ile kali kuliko zote. Karibu nusu ya waamuzi waliohojiwa walisema wamewahi kuvumiwa na masikio au kusikia kwa shida baada ya kuchezesha. Sasa jumlisha mwenyewe: faulo, ofsaidi, kona zinazobishaniwa, na yule beki anayesogeza mpira mbele kila anapopewa adhabu ya kupiga. Kwenye mpira wa mikono ndiyo usiseme.

Desibeli hazihesabiki kama kilo za sukari. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi wa afya kazini, iliyo laini kuliko makadirio ya watafiti hao, ni kwamba desibeli 85 zinavumilika saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Ukifika 115, hata nusu dakika haifiki. Hesabu hiyo ina upande mzuri pia: kinga inayopunguza desibeli 15 tu inakurudisha kutoka nusu dakika hadi robo saa, na robo saa nzima ya kupuliza hakuna refa anayeifikisha kwa mechi moja.

Kinachoharibika ni vinywele vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio. Kwa binadamu vikifa havioti tena. Vya sauti nyembamba ndivyo hutangulia, kwa hiyo hutagundua kitu kwa muda mrefu. Adhana utaisikia, gari utalisikia, lakini herufi kama s, f na sh zitaanza kufifia, na mjukuu akizungumza utadhani anamung'unya maneno. Mlio unaobaki usiku baada ya mechi mbili za siku ya Idi, hata ukiondoka asubuhi, ni dalili kwamba sikio lilizidiwa. Mimi mlio huo ndio ulionipeleka kutafuta kinga. Walioniambia nitie mafuta ya vuguvugu niliwashukuru, nikayaacha mafuta yao hapo hapo. Hayafiki kwenye vinywele hivyo.

Kinga bora kwa refa ni vizibo vya masikio vyenye kichujio, vile wanavyovaa wanamuziki. Vinapunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo maneno ya nahodha na ya msaidizi wako unayapata. Vya sponji ni rahisi zaidi na vinazuia zaidi, lakini vinafanya dunia iwe kama imefunikwa blanketi. Navitumia nikiwa mkufunzi kwenye mazoezi ya marefa wapya, pale vijana ishirini wanapopuliza kwa pamoja. Kisokote kiwe chembamba, nyanyua sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kitanuke. Kikining'inia nje hakikukingi. Pamba ya dukani haifanyi kazi hiyo, wala ushungi. Dada zetu wanaochezesha wamejifunika bado wanahitaji kizibo chini yake, na wao wana nafuu kwamba hakuna atakayekiona.

Vizoee mazoezini kwanza. Siku za mwanzo utasikia pumzi zako mwenyewe kuliko wachezaji, na utazungumza kwa sauti ya chini bila kujijua, kwa sababu sauti yako inakuvumia kichwani. Mwambie msaidizi wako na kamisaa mapema kwamba umevaa. Ukivaa chombo cha mawasiliano sikio moja, weka kizibo sikio la pili. Watakaocheka watacheka mechi mbili tatu, kisha mmoja wao atakuja pembeni kuuliza umenunua wapi.

Jambo la pili ni kupuliza kidogo. Si kila faulo inataka pumzi zote za kifuani; mlio mfupi unatosha kwa mpira uliotoka, na mkali uhifadhi kwa rafu. Wachezaji wanausoma mchezo vizuri zaidi hivyo. Usipulize ndani ya chumba cha kubadilishia nguo wala kwenye njia ya kutokea, maana kuta zinakurudishia mlio wote. Kuita timu kuna mkono na mdomo. (Na ninyi vijana mnaojaribu filimbi mpya ndani ya daladala, abiria wana masikio pia.) Walimu wa michezo maskulini, ninyi mnapuliza siku nzima kuliko sisi, tena watoto wakiwa wamekuzungukeni. Kwenu filimbi ya umeme, ile ya kubonyeza kitufe, inafaa: unainyoosha mkono mbali na kichwa, na nyingine zina sauti ya kupunguza.

Mwisho, kapimwe kabla hujaona tatizo. Uliza kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali kubwa iliyo karibu nawe, na nenda baada ya siku moja ya utulivu, si kesho yake ya fainali, maana sikio lililochoka hutoa majibu mabaya kuliko hali yake. Omba wakupime hadi hezi 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na waambie wewe ni mwamuzi wa michezo ili waangalie 3,000, 4,000 na 6,000 kwa makini, kwani huko ndiko kelele huacha alama kwanza. Karatasi waliyokupa usiitupe. Itunze pamoja na leseni yako ya urefa, mwakani upime tena, na ukiona mstari wa kwenye karatasi umeshuka hapo kwenye 4,000, muulize daktari kabla ya kupangiwa mechi nyingine.