Usipime Springi Ikiwa na Rangi

Springi ya kwanza niliyoipima ili itengenezwe nyingine ya kuchukua nafasi yake ilikuwa ya pedali ya mashine, nami niliipima kwa haraka, rangi ikiwa bado juu yake. Kalipa ilionyesha kwamba waya una unene wa milimita 4.2. Springi mpya ilipofika, ilikuwa ngumu kiasi kwamba mguu ulichoka kabla ya saa moja kwisha. Niliposugua ile ya zamani kwa msasa hadi chuma kikang'aa, kalipa ilisoma 4.0 kamili.

Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ugumu wa springi hufuata kipeo cha nne cha unene wa waya, na kwa kuwa kipenyo cha nje, milimita 36, kilibaki vilevile, springi yangu ilizidi ugumu kwa karibu robo nzima. Ndiyo maana siku hizi huanza na waya: husugua rangi mbali na ncha, ambayo huwa imebonyea ilipokatwa, kisha hupima mahali patatu kwa sehemu nyembamba ya taya za kalipa, nikihakikisha kwamba hazikukaa mshazari.

Kipenyo cha nje hakisumbui sana. Ukipima na cha ndani pia, tofauti ya viwili hivyo, ikigawanywa kwa mbili, inapaswa kukurudishia unene wa waya. Isipofanya hivyo, rudia.

Kuhesabu mizunguko ndiko kunakowaponza wengi, hata mafundi wazoefu, kwa sababu huihesabu ncha yenyewe kuwa moja na hivyo kupata mzunguko usiokuwapo. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye ncha hadi upande wa pili wa springi, uhesabu kila mara waya unaporudi kwenye mstari huo, na uandike hata robo inayobaki mwishoni. Kama ncha zote mbili zimefungwa, yaani mzunguko wa mwisho umelazwa ukagusa ule ulio jirani yake, ondoa mizunguko miwili katika hesabu ya ile inayofanya kazi, yaani inayobonyea springi inapobanwa.

Urefu upimwe springi ikiwa imesimama mezani bila kubanwa. Hata hivyo, springi iliyotumika kwa miaka mingi huwa imefupika, kwa hiyo kama mashine ina nyingine ya aina hiyohiyo ambayo haijachoka, chukua urefu wa hiyo.