Cooper Black: fonti nene ya maneno machache

Wateja wa mabango na fulana wakija lugha yao ni moja, "weka maandishi manene yaonekane", na mimi siku hizi naanzia Cooper Black. Unaijua hata kama jina hulijui, ndo ile ya logo ya easyJet, shirika la ndege, ndo ile ya Garfield, yule paka wa katuni, ndo ile ya kwenye kava la Pet Sounds, albamu ya Beach Boys ya 1966. Wengi wanaiita fonti ya miaka ya 70 wakati Oswald Cooper wa Chicago aliitoa 1922, ishapita miaka mia huyo mzee.

Ikuze mpaka o moja ijae skrini. Tundu la katikati halijasimama wima, limelalia nyuma, na kule chini hamna mstari ulionyooka, kila mguu umevimba kama andazi. Serifu, yani vile vijikia vya mwisho wa herufi, zipo ila zimemezwa na unene. Faida yake utaiona kwenye fulana: ukibandika herufi moja moja kwa pasi halafu moja ikapanda juu kidogo hamna anayeshtuka, fonti yenye kingo kali ingekuumbua hapo hapo. Stika za gari nazo vivyo hivyo, kona zilizochongoka ndo huwa zinaanza kubanduka na hii kona haina.

Na Kiswahili kinaipenda aisee, maana maneno yetu yamejaa irabu, na a na o ndo herufi zake tamu. Andika "chapati moto" kwa herufi ndogo uone. Sasa andika CHAPATI MOTO, tayari ni ukuta, bango zima linafoka. Kinachonichosha ni w tu, pana hiyo, neno kama "wawili" linakula nafasi yote, hapo punguza saizi au ligawe mistari miwili. Mikia ya g na y ni mifupi kwa hiyo mistari ibane isogeleane, ukiiachia inapwaya.

Usiishushe ikawa ndogo. Matundu ya a na e ni finyu, wino unajaa, na lebo ya chupa inabaki madoa meusi, mi chini ya pointi 14 hata siigusi. Jina la biashara liwe Cooper, namba ya simu na bei weka Arial au fonti yoyote ya kawaida isiyo na mbwembwe.

Tanzia na barua za mwanasheria usithubutu, ina sura ya kucheka hii.

Kompyuta nyingi zenye Office zinayo tayari, angalia kwenye orodha ya fonti, herufi C. Kama huna, shusha Caprasimo pale Google Fonts, ya bure na ukoo wao mmoja, ila jaribu kwanza kuiprinti kwenye karatasi ndo umuonyeshe mteja.