Mvua ya wiki hii uliza utabiri, mvua ya mwakani uliza rekodi

Tangu watu wajue nafuatilia mambo ya hewa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni "eti tarehe fulani mvua itanyesha?" na tarehe yenyewe iko miezi mitatu mbele. Juzi ndugu yangu mmoja kanitumia picha ya simu yake, programu imemwekea kijua kizuri kabisa siku ya sherehe yake ya nje, zaidi ya mwezi kutoka siku ile, akasema basi hela ya turubai hailipi. Nikamwambia lipa turubai.

Kile kijua sio utabiri jamani. Hewa ina ubishi mmoja, kosa dogo la leo linakua, linakua, mpaka linameza hesabu nzima. Edward Lorenz, mtaalamu wa hewa wa Marekani, alikutana nalo mwaka 1961 pale chuo kikuu cha MIT. Alikuwa anarudia hesabu ya hewa kwenye kompyuta yake, badala ya kuandika 0.506127 akaandika 0.506, akaenda zake kunywa kahawa. Karudi, anakuta mwanzoni majibu yanafuatana na yale ya kwanza, halafu yanaachana kidogo kidogo, mwisho hayafanani hata chembe. Tofauti yenyewe haifiki hata moja ya elfu! Ndo maana mpaka leo, na masetilaiti yote yaliyoko juu, utabiri wa siku kwa siku unaishiwa nguvu kwenye wiki mbili hivi. Mimi binafsi siku tatu za mbele naziamini, tano bado niko nayo, saba naanza kusitasita, zikizidi kumi nasoma kama burudani tu.

Sasa hicho kijua cha mwezi ujao kinatoka wapi? Programu nyingine zikifika mbali hivyo zinachukua wastani wa tarehe kama hizo miaka ya nyuma, zinauchorea jua, basi. Yaani hapo umeshatoka kwenye hali ya hewa umeingia kwenye tabianchi na hakuna aliyekwambia. Hali ya hewa ni kinachotokea leo, kesho, jioni hii. Tabianchi ni mazoea ya sehemu kwa miaka mingi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia miaka 30, kwa sasa ni ile ya 1991 hadi 2020. Miaka 30 kwa sababu mwaka mmoja una vituko vyake, mara El Niño, mara volkano kama Pinatubo ya Ufilipino iliyolipuka 1991 ikaipoza dunia karibu nusu digrii kwa mwaka mmoja na kitu. Ukiweka miaka mingi pamoja vituko hivyo vinamezana.

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla hujafungua simu jiulize hiki ninachotaka kuamua ni cha wiki hii au cha miaka. Kuanika, kusafiri, kumwaga zege kesho, hapo angalia utabiri, na uangalie tena asubuhi maana unabadilika. Kuchagua mwezi wa sherehe, mti wa kupanda, ukubwa wa tanki, hapo utabiri haukusaidii, tafuta rekodi za mvua za miaka ya nyuma. Na ukizipata usiishie kwenye jumla ya mwezi, uliza mvua hunyesha siku ngapi. Milimita 150 inaweza kuwa manyunyu ya kila siku au mbili tatu za kubomoa, na kwa mtu wa sherehe hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Halafu ile asilimia inagombanisha watu bure. Ukiona mvua 30%, maana yake siku kama hiyo zikija kumi, tatu hapo ulipo zitanyesha. Ikinyesha hawajakudanganya, isiponyesha pia hawajakudanganya.

Kingine, pima mwenyewe. Chombo chochote chenye mdomo sawa na kitako, kuta zimenyooka, kiweke wazi mbali na ukuta na miti, asubuhi chovya rula, andika, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipigwa na milimita 40 ni lita 4,000 zimepita juu ya kichwa chako usiku mmoja (zote huzikingi, zingine zinaruka na kupotea, ila bado ni nyingi). Kuna siku chombo changu kilikuwa kikavu kabisa na mtu wa barabara ya pili anatoa maji ndani kwa ndoo. Kuanzia hapo hata utabiri wenyewe unausoma kwa akili nyingine.

Sasa wale wa kwenye magrupu, asubuhi ikiwa na baridi kidogo tu "si mlisema dunia inapata joto?" Baridi ya leo ni hali ya hewa. Joto la dunia ni wastani, na miaka ya 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa kama digrii 1.1 ukilinganisha na 1850 hadi 1900. Inafanya kazi upande wa pili pia, mwaka 2024 ulivunja rekodi ya joto na kupita digrii 1.5, lakini mwaka mmoja hautoshi kusema lengo la Mkataba wa Paris (ule wa nchi kujitahidi joto lisipite hiyo 1.5) limeshavunjwa, linapimwa kwa miongo. Cha kukuhusu wewe unayejenga ni hiki, kila digrii moja ikiongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama 7%, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka inashuka na mzigo mkubwa zaidi.

Ndo maana mtaro na mifereji ya paa usijenge kwa wastani. Uliza siku moja mbaya kuliko zote walipima milimita ngapi, halafu ongeza. Na fundi akikwambia "hapa maji hayajawahi kufika" muulize yeye yuko hapo tangu lini.