Re: Bichunmoo – niendelee kuitazama au niache?

Habari mkuu. Umesema umefika katikati ya hii filamu ya Kikorea ya mapanga, mapigano umeyapenda ila hujui nani anamwinda nani, na ghafla watu wamezeeka. Hata mimi mara ya kwanza niliizima palepale.

Kwanza angalia maandishi ya tafsiri. Nakala yangu ya mwanzo ilichanganya majina hovyo; nilipopata nyingine, nusu ya utata uliisha. Halafu shika hili: ni China, mwishoni mwa utawala wa Yuan, yaani Wamongolia walioitawala China. Sullie ni binti wa jenerali wa Kimongolia, Jin-ha ni fukara mwenye siri ya upanga wa ukoo wake, na Junkwang anayemwoa Sullie ni Mhan, yaani Mchina wa kabila la Han. Ugomvi wote umesimama hapo.

Udhaifu wake ni hadithi. Imetokana na katuni ndefu ya Kim Hye-rin, wakaibana ndani ya saa mbili, ndiyo maana miaka inarukwa bila hodi. Shin Hyun-joon naye, steringi, ana uso mmoja tu wa huzuni, akipenda ama akichinja.

Lakini picha! Waliipiga China kwenyewe, na kwa filamu ya Korea ya mwaka 2000 ile kazi ya nyaya, za kuwarusha waigizaji hewani, ni ya kibabe. Upanga unapiga hewa, ardhi inapasuka, watu wanapeperushwa kama makuti.

Wewe endelea. Ila ukifika mwisho ukaona wamekurupuka, usinilaumu.